Kisima Chini ya Jiko

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima. Paa linavuja palepale, na wanafunzi wa chuo bado wanaanika nguo kwenye ukuta wetu kana kwamba baba aliwajengea wao.

Juzi alikuja mwalimu mmoja wa hapo chuoni, mpole, kinasa sauti mkononi. Akasema chuo kinaandika historia yake na yetu majirani. Nikamkaribisha chai. Nikamsimulia jinsi mtaa mzima ulivyobeba mawe ya madarasa ya kwanza, na mama alivyowapikia mafundi bure ili watoto wetu wasome karibu. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu zote, lakini kinasa sauti hakukiwasha.

Alipokuwa akivaa viatu mlangoni, akauliza kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo: "Na kile kisima chini ya jiko, dada, mlikifukia vizuri? Hakitasumbua msingi wa ghorofa?"

Nikamwambia hapa hakuna kisima.

Baba alikimwagia zege wewe hujaanza hata shule, ukalia kwa sababu mpira wako ulikuwa humo. Tuliokiona kwa macho tumebaki wawili, na mimi sijamwambia mtu. Mama alipenda kusema kikulacho ki nguoni mwako. Enzi hizo nilidhani anazungumzia chawa.

Basi nijibu jambo moja tu. Huyo mwalimu nyumba yetu ulimsimulia, au ulimuuzia?

Wasalimie wanao.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nimo ndani.