Viroba vya Juu ya Kivuko

Sekenke,
Jumapili, 16 Machi.

Mpendwa dada Editha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mitihani ya vitendo huko chuoni Dodoma imekwisha salama. Sisi hapa hatujambo. Mama bado anasumbuliwa na goti lakini shambani anakwenda, na alizeti imesimama vizuri kuliko mwaka jana. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya mama inasikika nyumba nzima, na haya ninayotaka kukueleza nisingeweza kuyasema watu wakisikiliza.

Ijumaa ya wiki iliyopita tulipata wageni wawili kutoka Arusha. Mmoja anaitwa Clement, kazi yake ni kuongoza watalii mitoni, na mwenzake ni dada mmoja anaitwa Yasinta. Walikuja na vimtumbwi vifupi vya plastiki vinavyoitwa kayaki, kimoja chekundu na kimoja cha njano. Mtu huketi ndani, hujifunga kiunoni sketi ya mpira ili maji yasiingie, kisha hushuka na kasia moja lenye bapa pande zote mbili. Walitaka kushuka korongo letu kuanzia kivukoni hadi tambarare, mahali ambapo hata mbuzi wanazunguka. Mama Joyce, jirani yetu, alikuwa anafua pale. Aliwauliza kama kwao barabara zimeisha. Yasinta akasema zipo, ila zina matuta mengi.

Unalikumbuka lile jiwe kubwa la kivukoni. Tangu uondoke, Mwalimu Amosi wa jiografia amelichora mistari kumi ya rangi nyeupe, ili wanafunzi tujue siku ya kuvuka na siku ya kubaki nyumbani. Mimi ndiye ninayeandika kila asubuhi maji yamefika mstari wa ngapi. Mwalimu alimpa Clement daftari langu, naye alilisoma lote akiwa amesimama. Kisha alinieleza kama anavyoelezwa mtu mzima. Alisema maji yakiwa chini ya mstari wa tatu kayaki inakwaruza mawe, na yakipita wa sita hayaachi pa kupumzikia. Wanaposhuka korongo jembamba wanaruka kutoka kituo hadi kituo, yaani pale nyuma ya jiwe ambapo maji hugeuka na kutulia, na hapo ndipo wanapotazama mbele. Alisema maporomoko hayawatishi sana. Wanachoogopa ni mti uliolala katikati ya maji, kwa sababu maji hupita kwenye matawi lakini mtu hapiti. Siku moja kabla ya kushuka walikuwa wametembea ukingoni na kuuona mmoja, mgunga ulioanguka chini ya poromoko la tatu. Walipanga kutoka majini kabla ya kuufikia na kubeba kayaki kwa miguu.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 8, maji yalikuwa mstari wa nne. Clement aliniuliza kama ni kawaida yawe hapo wakati usiku mvua imenyesha milimani. Nilimjibu kwamba nimeandika nilichokiona. Wakaanza saa nne.

Mimi na Mwalimu Amosi tulikuwa juu ya mwamba karibu na ule mgunga. Mwalimu alishika kamba ya kurusha, kama Clement alivyomfundisha. Tuliwaona wakitokea mmoja mmoja. Mtumbwi unainamisha pua, unapotea kwenye povu, kisha unaibuka mbele na mtu wake akitikisa kichwa. Clement alifika kituo cha mwisho, akatoka na kuvuta kayaki yake juu ya mawe. Yasinta alikuwa nyuma yake, amebakiza kama hatua kumi.

Hapo maji yalibadilika rangi. Yalikuja mekundu kama chai, na vijiti, na povu, na vipande vya turubai ya bluu. Kile kituo kilifunikwa, kikawa kama hakijawahi kuwapo. Yasinta alipiga kasia mara mbili, kisha akapelekwa ubavu kwenye ule mti. Mwanzoni tuliona kichwa chake. Baadaye tuliona mkono tu.

Mwalimu alirusha kamba mara mbili bila kufika. Clement alijifunga ile kamba, akatambaa juu ya shina na kuikata sketi ya mpira kwa kisu. Nilikuwa nahesabu bila kukusudia. Nilipofika thelathini na moja alimtoa. Kayaki ya njano ilibaki chini ya matawi, imekunjwa kama sahani ya bati. Yasinta alikuwa amevunjika mtulinga na alitapika maji mengi. Alibebwa kwa kitanda hadi barabarani, akapelekwa hospitali Kiomboi. Ametoka Alhamisi, na wanasema mkono utapona.

Kila mtu hapa amesema ni mvua ya milimani. Clement alikuja kutuaga na kusema kosa ni lake, kwamba alipaswa kupanda na kuangalia juu kabla ya kuanza. Akaomba kupiga picha kurasa za daftari. Baada ya Pasaka anarudi na wenzake wanne, na alisema namba zangu ni nzuri, ataanza tena mstari wa nne.

Dada, namba hizo si nzuri. Tangu Februari baba na wenzake wamehamishia mwalo wao wa kuoshea udongo wa dhahabu juu ya kivuko, nyuma ya kona. Wamekatiza korongo kwa viroba vya mchanga na turubai, ili wapate maji ya kutosha, na kwenye jiwe hufika yale tu yanayopenya. Ni marufuku kuosha korongoni, na ndiyo sababu wamejificha hapo. Mvua ikinyesha, mmoja wao hubaki kutoa kiroba kimoja kimoja, maji yapungue taratibu. Lakini siku ile ilikuwa mazishi ya Mzee Antipasi, na baba na wenzake wote walitakiwa kwenda kuchimba kaburi. Alfajiri nilipokwenda kuchota maji nilikuta bwawa limejaa hadi kiroba cha juu, na mwaloni hakuna mtu.

Kwa hiyo nilijua. Clement aliponiuliza, nilimjibu habari za jiwe. Watu wamezoea kusema mimi nina aibu, lakini siku ile haikuwa aibu. Nilifikiri baba atakamatwa, nikachagua.

Jumatano nilimwambia baba haya yote, tukitengeneza zizi. Alimaliza kufunga fito aliyokuwa ameishika, ndipo akasema, “Nilikuona kwa mbali asubuhi ile pale bwawani. Nikasema, Lea ameona, atawaambia wageni. Ndiyo maana nilikwenda msibani bila kuteremka kivukoni.”

Nilimsogezea kamba. Akafunga fito nyingine.

Alhamisi aliondoa viroba vilivyobaki. Wenzake walimcheka, wakamwita mkwe wa Waarusha, na nasikia wanatafuta kona nyingine. Kwa hiyo kuondoa tu hakutoshi. Baba ameniomba nimwandikie barua Mwalimu Amosi, amfikishie na Clement, maana mkono wake ni mzito wa kuandika. Alisema nianze hivi: mimi Emilian ndiye niliyezuia maji. Akasema jina langu lisiwemo.

Barua hiyo nimeiandika jana. Sentensi ya kwanza inasema kwamba mimi Lea niliyaona maji yamezuiwa na nikanyamaza. Ya pili ndiyo ya baba. Kesho ataisoma kabla ya kuipeleka, na sijui kama ataipeleka.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama zile karanga zilifika. Wasalimie wenzako wa chumbani, na ujitunze.

Ni mimi mdogo wako,
Lea Emilian