Kikombe Nilichokiweka Chini

Wanjiru wangu wa Perth,

Hapa nyumbani Minto tu wazima. Mama yako yuko shifti, babu yako anapalilia sukuma yake. Unauliza kama msichana wa kile kitabu chenu cha Kiingereza alikosea kumkataa tajiri.

Hata kidogo! Mimi niliposwa na mwana wa mwenye maduka. Shangazi yake alipangusa kiti chetu kwa kitambaa ndipo akaketi. Kwetu wazee hawagusi pombe ya posa mpaka msichana anywe kwanza. Baba aliponiuliza, “Tunywe?” nilikiweka kikombe chini bila kuonja.

Mwaka uliofuata babu yako alikuja na viatu vya kuazima. Mama yake alipitiliza jikoni, akamenya viazi na mama yangu. Siku hiyo nilikunywa kabla baba hajauliza.

Shosho wako