Siku Uliponipa Kisu, Baba

Baba yangu mpendwa,

Amani iwe juu yako hapo Jinja ulipolala. Mimi niko Mbale, bado juu ya udongo, ingawa daktari wangu ananitazama kama mtu aliyekwisha kata tiketi. Nisamehe kwa kuanza na utani. Uliniambia mara nyingi kwamba mdomo wangu utaniponza, ila habari za moyo hukuniambia hata siku moja. Leo nataka tuongee hilo, maana kuna jambo nimeligundua mwezi uliopita na limenikaa kooni.

Unaikumbuka bucha yetu ya Jinja? Ulikuja kutoka Mumias ukiwa kijana, na kile Kiswahili chako cha Kenya kilichonyooka. Wateja wakikusikia walidhani wewe ni mwanajeshi, maana Uganda Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, wakakuita afande, na bei hawakubishana nayo hata kidogo. Hukuwasahihisha, wewe mzee. Jioni ulimsimulia Mama huku ukicheka hadi machozi, naye akakwambia umwogope Mungu. Mimi nilikaa mlangoni nikikusikiliza, nikaona hakuna kazi nzuri duniani kama yako.

Na kisu chako hakikuguswa na mtu. Ulikinoa mwenyewe, ukakifunga kwenye kitambaa cheupe, ukakiweka juu ya kabati. Siku nilipokitumia kukatia kamba ulinizaba kofi ambalo nalisikia mpaka leo. Ndiyo maana asubuhi ile pale machinjioni, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, ng'ombe amelazwa na wanaume watatu wamemshika, ulipogeuka ukanikabidhi kisu bila kusema neno, nilitaka kuzimia kwa furaha. Ulinionyesha tu kwa kidole. Nikalitaja jina la Mungu, nikachinja. Mama alipika pilau siku ile. Hadithi hiyo nimeisimulia kila mahali, harusini, msikitini, kwa wakwe zangu, kwamba baba yangu alinirithisha kazi akiwa hai, mbele za watu.

Miezi michache baadaye ukaanguka. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Tukasema ni jini. Shehe akakusomea, tukakunywesha kombe, zile aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, tukakuumika mgongoni. Hakuna aliyekushika mshipa akasikiliza moyo unapigaje. Miaka miwili nilikulisha uji kwa kijiko, nawe ukinitazama kwa hasira ambayo sikuielewa.

Sasa sikiliza yangu. Mwaka juzi nilipanda mlima Wanale kuangalia fahali wa mtu, nikasimama njiani mara nne. Moyo unakimbia, unasita, unakimbia tena bila mpango wowote. Nikasema ni uzee, nikajikaza. Mke wangu Zaitun ndiye aliyeniburuta hospitali. Wakanibandika nyaya kifuani, ikatoka karatasi yenye mistari iliyovurugika. Daktari, kijana mpole wa Kigisu, alinieleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama humo, inaganda, na bonge likichomoka linaweza kwenda kichwani. Nikamuuliza likifika kichwani inakuwaje. Alipoanza kueleza nilimwomba anyamaze, kwa sababu alikuwa anakueleza wewe.

Dawa zipo. Ya kupunguza mbio za moyo naimeza, sina ugomvi nayo. Ya pili ni ya kuzuia damu isigande, na hapo ndipo nilipobanwa. Ukiimeza, damu ikianza kutoka haitaki kukatika, na kazi yangu mimi ni visu. Wiki ya tatu nilijikata kidole gumba nikipasua mbavu. Kidonda kidogo tu, zamani ningefunga kitambaa nikaendelea, lakini kilivuja mpaka adhuhuri. Mama mmoja, mteja wangu wa tangu zamani, alirudisha kilo zake mbili. Akaniambia kwa upole kwamba damu ya mtu ni najisi, hawezi kuwapikia wanawe. Hakukosea, na bucha nzima ilikuwa inanitazama.

Nikarudi kwa daktari kuuliza kama hakuna njia nyingine. Aspirini, akasema, haitoshi kwa moyo wa namna hii. Ipo dawa mpya isiyodai kupimwa damu kila mara, lakini nayo inavujisha, na bei yake si ya watu wa mbavu na maini. Upo mpango wa kuushtua moyo kwa umeme. Upo wa kwenda Nairobi, wakapitisha mrija kutoka kwenye paja hadi moyoni, wakachoma pale panapoleta fujo. Kijana wa watu hakunificha: moyo unaweza kurudia ujeuri wake, na dawa ya damu huenda nikaendelea kuimeza vilevile. Kila mlango niliousukuma nilikuta kidonge kilekile kimekaa nyuma yake. Akamalizia kwa kuniambia niache kisu, kirahisi tu, kama ananiambia nipunguze sukari. Nikiacha kisu mimi ni nani, Baba?

Basi nikaanza ujanja. Siku za kuchinja naruka kidonge, siku nyingine nameza. Zaitun akiuliza namwonyesha kikopo cha vidonge. Kupima damu nilikwenda Jinja makusudi, nisionekane na wateja. Muuguzi wa huko alisoma jibu, kisha akanisoma mimi.

"Mzee, mdomo yako inasema umemeza," akaniambia. "Lakini damu yako inasema bado."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Halafu ikaja Ijumaa ya mwezi uliopita. Fahali amelazwa, nimeinama na kisu mkononi, nikafungua mdomo niseme Bismillahi. Haikuja. Naijua, naisikia kichwani, lakini ulimi umelala. Na ng'ombe hachinjwi bila kutajwa jina la Mungu, hilo hata watoto wa madrasa wanalijua. Walionishikia wakainua macho. Nikamgeukia Hamza, mchinjaji mwenzangu, nikampa kisu, nikamwonyesha kwa kidole.

Mkono ukiwa bado umenyooka hivyo, nikakuona wewe. Hukuwa unanirithisha kitu asubuhi ile. Ulikuwa umepotewa na ulimi.

Wangu ulirudi baada ya robo saa, nikamdanganya Hamza kuwa koo linaniuma. Masikini, alinishukuru kwa heshima niliyompa. Wako nao ulirudi, sivyo? Ulikula pilau ya Mama ukijua, ukaniacha nijigambe. Daktari anasema lile lilikuwa onyo, na linalofuata huenda lisirudishe maneno. Mbona hukusema, Baba? Nimekukasirikia sana. Zaidi ya miaka thelathini nimejivunia ugonjwa wako.

Nimeacha kuchinja. Nameza kila siku, Zaitun akinikagua mdomo kama askari jela. Hamza anakata, mimi nafunga nyama na kupokea salamu, na watu wa mtaa wetu wa Malukhu wakiniuliza mbona sishiki kisu natafuta la kuwaambia. Sitakudanganya kwamba nimezoea. Nachukia kila siku ninayokaa bila kisu. Moyo bado unaruka humu ndani, na hakuna mahali nitakapokwenda ambapo hautanifuata.

Lakini niliapa sitafanya ulilolifanya. Jumapili niliwaita watoto wangu watatu nikawaeleza yote, kidonge, uongo wangu, na ile asubuhi yako. Nikawaambia huenda jambo hili limo kwenye ukoo, wakapimwe. Wadogo wawili waliuliza maswali. Rehema, mkubwa wao, ambaye ni mwalimu, alikuwa anatazama mikono yake tu. Mwishowe akasema moyo wake ulianza kuruka mwaka jana, na ngazi za shule zinamshinda.

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilikuona wewe unavyonyamaza," akanijibu. "Nikadhani kwetu ndivyo inavyokuwa."

Mama yake alitoka nje. Kesho asubuhi tunapanda basi mimi na yeye, twende hospitali akawekewe zile nyaya kifuani. Naogopa ile karatasi kuliko nilivyoiogopa yangu.

Mungu akupanulie kaburi.

Ni mimi mwanao, baba yake Rehema