Kiazi Kilichopakwa Majivu

Jumamosi, Njombe

Na bado nacheka peke yangu. Wiki iliyopita mwalimu wetu wa kuchapa vitambaa, yule binti wa Makambako, alinikuta nachonga kiazi kiwe muhuri wa kuchapia, akaniambia, "Bibi, kiazi kina maji, rangi itachuruzika. Chonga mpira kama wenzako."

Mpira niliujaribu, kisu kikanikata kidole. Ubao nao ukapasuka. Niliogopa, nakiri. Kina mama tunachapa kitambaa cha altare ya kanisa letu, na asiyeweza anabaki kuchemsha chai. Mimi, nichemshe chai!

Leo nikafanya kama tunavyozifanya mbegu za viazi kabla ya kupanda, zisioze. Nilichonga ua kwenye kiazi, nikakipaka majivu ya jikoni, nikakianika kikauke, nikakipangusa. Nikakichovya kwenye rangi, nikagonga kitambaani. Ua likatoka safi, hata ncha za majani.

Mwalimu akainama kulitazama. "Bibi, umejifunzia wapi?"

"Shambani, mwanangu. Shule sikuiona. Haya, shika kisu."

Akakata kipande cha kiazi kinene kama tofali. Nikamwambia mama yake hakumfundisha kitu, kisha nikamshika mkono, tukachonga pamoja.

Ua langu ndilo la katikati ya kitambaa cha altare. Chai ya leo amechemsha mwalimu mwenyewe. Sukari haikutosha, lakini nilikunywa vikombe viwili.