Jaribio Lako Halisubiriwi Tena

Masalu, ndugu yangu,

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Unanijua. Ungekuwepo ungesema, "Wee Mama Haraka, kiti kimekukosea nini?" Basi nakuandikia nikiwa nimesimama, kompyuta iko juu ya kabati la vyombo. Ni ile yako. Siku ya kuanua matanga baba yako mdogo aligawa vitu vyako mbele ya ukoo, koti kwa kaka yako, baiskeli kwa binamu, halafu akaninyooshea kidole mimi nisiye wa ukoo, akasema hiyo mashine apewe yule aliyekuwa akigombana naye kila siku juu yake. Watu wakacheka pale pale msibani. Mimi nililia mpaka kwikwi.

Daraja la Busisi limekamilika. Wewe tulikuvusha kwa kivuko, jeneza lako likapanga foleni na malori, nami nikamfokea mhudumu wa watu kana kwamba kuna mahali ulikuwa unachelewa. Siku hizi nikija Sengerema kupalilia kaburi lako, sijamaliza hata karanga zangu nimeshavuka. Kila kitu kimekuwa cha haraka, isipokuwa jaribio lako.

Lile jaribio la kompyuta ulilolitunga barazani kwa mama yako, kule Pasiansi, kwa ajili ya ile pochi ya sarafu za mtandaoni tunayoitengeneza bure na watu ambao hatujawahi kuonana nao. Kazi yake kuitupia pochi takataka: herufi zisizo na kichwa wala miguu, mafaili yaliyokatwa mkia, duru baada ya duru, tuone itayumba wapi kabla haijayumba mikononi mwa mtu mwenye akiba yake humo. Na lilikuwa zito, jamani! Ukiliwasha tu, feni inaunguruma, unafunga kifuniko nusu. "Acha lisage." Tunashuka ziwani, tunakaa juu ya mawe na mihogo yetu ya kukaanga, unanisimulia habari za kwenu huku mimi nikikuuliza kila mara kama halijaisha tu. Tukirudi bado linasaga.

Siku liliponikamata mimi na kosa langu nilinuna. Ukacheka mpaka ukashika mbavu: "Jaribio zuri halimjui baba yake." Nikakujibu kwamba siku likimkamata baba yake uniite nami nicheke.

Sasa juzijuzi hapa msimamizi mmoja wa mradi ameandika, kwa ule upole wao unaoniudhi, kwamba kila anayeleta badiliko analazimika kulisubiri jaribio lako, na asipopatikana wa kuliharakisha, litaondolewa. Litaondolewa, Masalu! Wewe wameshakuondoa kwenye orodha ya wanaoalikwa vikaoni, sikusema kitu. Lakini hili, hapana.

Niliwakasirikia wao, nikamaliza, nikakukasirikia wewe. Kwa sababu nilikwambia! Kila duru ulikuwa unafungua pochi mpya kabisa, unaiandika kwenye diski, unalipika nenosiri lake upya kwa hesabu ndefu liwe ufunguo, na upishi ule umefanywa mzito makusudi ili mwizi anayekisia achoke. Kumbe tunaochoka ni sisi. Nikikuomba tupunguze unagoma, eti mtu wa kweli anafungua pochi ya kweli. Mbishi wewe. Mama yako mwenyewe akikaanga sato hawashi jiko upya kwa kila samaki.

Basi nimekuasi. Nenosiri linapikwa mara moja tu mwanzoni, pochi inakaa kwenye kumbukumbu ya mashine badala ya diski, na kila duru inaanza na nakala yake. Mara ya kwanza nilikuwa na pupa, nikaacha mabaki ya duru moja yakaingia kwenye nyingine, jaribio likapiga kelele za uongo kila mahali. Nilikusikia kabisa ukisema haraka haraka haina baraka. Nikarudi, nikasafisha kila duru kama ulivyotaka wewe. Usafi wako nimeuacha. Uzito wako ndio nimeutoa.

Likaruka. Sina neno lingine. Takataka zilizokuwa zikituchukua mchana mzima likazimaliza kabla chai haijapoa, likaendelea kwenda mbali kuliko lilivyowahi kufika ukiwa hai. Halafu likasimama, likadai limekamata kosa. Nikajua ni mabaki tena, nikatukana. Nikakagua mara mbili. Hayakuwa mabaki.

Masalu, faili la nakala ya akiba likikatika mwishoni, mahali pamoja tu, pochi inalipokea kana kwamba ni zima, na funguo za mwisho, zile za kufungulia sarafu, zinapotea kimya kimya. Mtu angedhani amehifadhi mali yake, kumbe hana kitu. Nikatafuta nani aliandika mistari hiyo. Ni wewe. Uliiandika kabla hata hujatunga jaribio, na miaka yote hiyo jaribio lilikuwa linaitafuta kwa mwendo wa kivuko.

Nilicheka, baba. Nilicheka peke yangu nikapiga kabati, vikombe vikalia. Nikageuka nikuite. Ndipo nikakaa chini, sakafuni.

Kosa nimelirekebisha. Wasimamizi wamekubali, jaribio linabaki, na jina lako liko juu yake kama lilivyokuwa. Lile faili lililokatika nimeliweka liwe la kwanza kutupwa kila mara, kwa hiyo yeyote atakayeigusa pochi, popote alipo, ataanza kwa kujibu swali lako.

Ila kuna kitu sikukifikiria. Jana nimeliwasha, nikavaa kandambili nishuke ziwani. Sijafika mlangoni limeisha. Nimesimama pale na kandambili zangu kama mjinga, sina cha kusubiri. Masalu, nimekiharibu kile kisingizio chetu kwa mikono yangu mwenyewe, na ningekiharibu tena, na inaniuma.

Lala, mbishi wangu. Nakuahidi hivi, mimi nisiyejua kukaa: nitashuka mpaka kwenye yale mawe, nitanunua mihogo ya watu wawili, nitakaa mpaka nimeimaliza yote, na sitamuuliza mtu kama limeisha.

Mama Haraka wako,
Neema