Kipimo cha Mteremko wa Juu

Buna,
Ijumaa, baada ya Asri.

Kwa kaka yangu Salah,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nisamehe, aboowe, kaka yangu. Uliniuliza kitu kimoja tu, na leo ni wiki ya tatu sijakujibu vizuri. Nilikutumia yale maneno mawili kwenye simu, "Usilipe kwanza," kisha nikanyamaza kama kisima kilichofukiwa. Najua umebaki ukijiuliza Hani amepatwa na nini. Ningeweza kusema ni Hamse, maana anaota meno na hanipi usingizi, na kweli hanipi. Lakini si meno ya mtoto yaliyonichelewesha. Nitafika huko polepole, univumilie.

Hamjambo nyote huko Garissa? Mama miguu yake inaendeleaje, bado inavimba akikaa sana? Mwambie mkeo Saynab kwamba ile dawa ya kifua aliyonitumia ilifaa, hata Ebla aliinywa bila kelele, na wewe unamjua Ebla. Sisi hatujambo, alhamdulillah. Mvua ilikuja kwa wakati wake. Nyasi zimenifika magotini, na upande wa bondeni zimenipita kiuno.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao hapa uko mahali pamoja tu, juu ya lile jiwe la kando ya boma, na anayesema pale anasikika mpaka kwa mbuzi. Ujumbe wa sauti nao mume wangu Guleid huufungulia kipaza ili baba yake asikie. Tena unajua, Kisomali nakisema, lakini kuandika nilifundishwa Kiswahili kwa fimbo ya mwalimu, na mkono haujasahau. Barua hii nampa Abdisamad wa lori la mbuzi akukabidhi mkononi. Nimeifunga kwa uzi. Isome peke yako.

Basi habari ni ya trekta.

Siku zile picha zako mbili zilipofika, ile nyekundu ndefu na ile ya buluu fupi pana, nyumba yote ilikaa mkekani kama watu wanaochagua ngamia. Mkwe wangu, mzee Billow, aliishika simu mbali na macho akaikagua ile nyekundu kuanzia chini, kama anavyokagua ngamia sokoni. Akasema hiyo ina miguu, ina kifua, hiyo mama yake alinyonyesha vizuri. Ya buluu aliicheka, akasema tangu lini mtu mwenye akili akanunua ngamia mwenye miguu ya mbuzi. Akaiita kobe. Guleid akacheka na baba yake. Mimi nilifurahi mpaka nikamwaga chai, kwa sababu ile nyekundu ndiyo uliyoipenda wewe, na kwa mara ya kwanza kitu kilichotoka kwetu kilisifiwa katika boma hili.

Halafu wifi yangu Weris akasema ngojeni.

Weris humjui vizuri, ulimwona siku ya arusi yangu tu, alikuwa msichana wa shule. Ni dada mdogo wa Guleid. Amerudi mwaka huu na diploma ya kilimo, na kofia, na buti. Alisema trekta ya kwanza ya shamba la mlimani haichaguliwi kwa urefu, wala kwa nguvu peke yake. Ikiwa ndefu na nyembamba, uzito unakaa juu, na siku moja ikikatiza mteremko, gurudumu la chini likiingia shimoni na la juu likapanda jiwe, inalala ubavu pamoja na dereva. Sisi hatuna eneo kubwa la kulima. Kazi yetu ni kukata nyasi, kufyeka vichaka, kuvuta tela la maji na kutengeneza makinga maji, na zaidi ya nusu ya ekari zetu zimeinama. Akasema kobe hajawahi kuonekana ameanguka. Mzee akamjibu kwamba kobe akipinduka hainuki tena. Wakacheka wote wawili, yeye na baba yake, kicheko kilekile kimoja, kana kwamba mimi na birika langu hatupo.

Aboowe, nikwambie ukweli, kicheko kile kilinichoma.

Miaka sita mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mlima huu. Nilifyeka vichaka vya miiba nikiwa na mimba ya Ebla. Mzee akitaka kujua maji yatashukia wapi, aliniita mimi. Nilikuwa namwonyesha kwa kidole, naye anaweka jiwe palepale. Sasa asubuhi akitoka kuswali, neno la kwanza ni Weris yuko wapi. Guleid, ambaye nikimweleza jambo hujibu "mm" huku akivaa viatu, akiongea na dada yake hukaa chini. Na Ebla! Mtoto niliyemzaa kwa siku mbili za uchungu anatembea kwa mwendo wa eddo wake, huyo shangazi yake, mikono nyuma, anafunga mtandio kama eddo, na jana alikataa uji wangu eti eddo anasema sukari imezidi. Weris analala usiku kucha. Weris ana mikono miwili. Mimi nina mmoja, mwingine daima una mtoto.

Naye si mbaya, hilo ndilo linalonikera. Angekuwa na maringo ningepumzika.

Basi akasema tusibishane, tupime. Akatufundisha. Unachukua ubao wa mita mbili, unaulaza mahali palipoinama. Ncha ya juu inabaki chini, ile ya upande wa bondeni unaiinua mpaka maji ndani ya chupa uliyoilaza juu ya ubao yatulie sawa. Kisha unasimamisha kijiti kutoka ardhini mpaka kwenye ubao na kukikata hapo. Kijiti kikiwa kirefu, mteremko ni mkali. Alisema sehemu tatu zinatosha, bondeni, katikati, na juu kule karibu na miamba, na uamuzi utoke kwenye kipimo cha juu. Kikipita rula moja na nusu ya shule, ile ndefu haifai. Kikiwa chini ya hapo, atanyamaza na wazee wachukue ngamia wao.

Kesho yake akaitwa Wajir kwa mambo ya cheti chake, akanipa mimi kazi hiyo. Alisema mbele ya wote kwamba hakuna anayeujua mlima kuliko Hani. Nikapima, nikaandika, na vipimo vitatu nikakutumia. Unavyo kwenye simu, cha juu ni sentimita ishirini na nane.

Weris aliporudi alisoma zile namba mara mbili. Nilikuwa nakoroga unga, sikuinua kichwa. Nilingoja abishe. Hakubisha. Aliwaambia mzee na Guleid kwamba amekosea, kwamba macho yake yalimdanganya kuhusu kule juu, na kwamba Hani amepima vizuri kuliko wengi aliosoma nao. Tuchukue ile nyekundu. Mzee alipiga mkeka kwa furaha, akasema diploma imeshindwa na mwanamke wa darasa la nane. Watu wakanicheka kwa mapenzi, nikacheka na mimi.

Lakini kilichofuata ni hiki. Alisema kwa kuwa ni trekta yetu ya kwanza na hakuna mwenye mazoea, yeye ataendesha kule juu kwanza, peke yake. Siku ileile alianza kupanga mawe meupe kando ya njia atakayopita, na Ebla nyuma yake anabeba mawe madogo. Ebla akaomba siku ya kwanza akae na eddo. Niliwasikia nikiwa chini yao, nakata nyasi. Weris alimwambia hapana, si kabla eddo hajapita mara kumi akarudi salama, kwanza aone kama mlima unampenda. Ebla akamuuliza na kama haukupendi. Akamjibu basi utabaki na mama yako, ambaye anaujua.

Sasa nakwambia, Salah. Kipimo cha juu ni cha uongo.

Sikukosea. Nilipanda mpaka kule, nikalaza ubao, nikauinua, na nikaona kwa macho yangu maji yanakataa kutulia mpaka ubao unifike juu ya goti. Sikukata kijiti. Nilishuka katikati, nikapima pale mara ya pili, nikaongeza sentimita moja ili isifanane sana, nikaandika "juu." Nilitaka ile nyekundu ije, yako, ya kwetu. Nilitaka aaibike mara moja tu, mbele ya baba yake. Na baada ya kumsikia yeye na Ebla pale juu nilinyamaza siku mbili nyingine. Siku mbili, aboowe, nikipika, nikimnyonyesha Hamse, nikimpelekea yeye chai huko kwenye mawe yake, na nikijua. Alikuwa ananishukuru kwa chai. Sitaki unifariji kwa hilo. Nataka ulijue tu, kwa sababu kulijua peke yangu nimeshindwa.

Siku ya tatu alfajiri nilimfunga Hamse mgongoni nikapanda tena na ubao. Nimepima mara tatu. Kijiti kirefu nilichokifunga pamoja na barua hii ndicho kipimo cha kweli cha mteremko wa juu. Rula ya Ebla imeingia mara mbili na bado kimebaki kipande. Nikatoka pale moja kwa moja mpaka kwenye lile jiwe la mtandao, nikakutumia yale maneno mawili.

Ile nyekundu ni trekta nzuri kwa tambarare zenu za Garissa. Hapa ni jeneza. Tununulie kobe.

Guleid na mzee nitawaambia, wanikasirikie, ni haki yao. Weris lazima asikie kwangu kwanza, si kwako wala kwa mtu. Bado sijamwambia. Kila nikifungua mdomo namwona Ebla ameegemea goti la Weris na mdomo unajifunga. Bado namwonea wivu, Salah, nisikudanganye na wewe pia. Hata leo asubuhi Hamse alilia mikononi mwangu akanyamaza mikononi mwake. Lakini wivu ni wangu, na mlima ni wa watu wote. Kwa hiyo nakuomba, na hapa sikuombi kama mdogo wako, nakuambia kama mama wa watoto: hata ukishalipa, trekta isipakiwe kwenye lori mpaka Weris mwenyewe akupigie simu akuambie kwamba amesikia kinywani mwangu. Asipokupigia, ujue mimi bado ni mwoga, na uiache ilale hukohuko mpaka niache woga.

Msalimie Mama, mbusu mikono kwa niaba yangu, usimweleze lolote. Msalimie Saynab na watoto. Mzee Billow anakusalimu, anasema huko Garissa mmekaa sana mjini lakini jicho la ngamia bado mnalo. Mwache afurahi siku mbili tatu. Ebla anasema abti, mjomba wake, asisahau. Hakusema asisahau nini.

Vitu ninavyohitaji bado ni hivi, uvitume pamoja na hiyo trekta. Ile ya buluu fupi, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na magurudumu ya nyuma yasogezwe nje mpaka mwisho wake kabla haijaondoka huko. Chuma cha kukinga kichwa nyuma ya kiti, kile kinachosimama juu, si kile cha kukunja. Mkanda wa kiti, mpya, usikubali uliotumika. Mashine ya kukatia nyasi ya kufungwa nyuma, na visu vya akiba viwili. Maji ya kujaza ndani ya matairi yapo hapa, lakini pua ya kuyaingizia hatuna. Rula moja ya Ebla, ile yake nimeivunja. Dawa ya fizi ya Hamse. Chupa mbili za plastiki zilizonyooka za kupimia maji, za huku zote zimepinda kwa jua.

Na buti za mpira jozi mbili. Zangu namba thelathini na saba. Za Weris sijui namba yake na sikutaka kumuuliza, kwa hiyo nimemkatia kijiti, ndicho hicho kifupi. Nimekipima kwenye nyayo zake, kule juu, katikati ya mawe yake meupe, mguu wa kulia na wa kushoto. Hicho usikitilie shaka.

Dadako,
Hani