Kiraka na Majani ya Jumamosi

Jumatatu, 8 Machi 1954
Nimerudi Ijuganyondo na Kiraka, paka wa marehemu mama. Njia nzima kutoka Kimwani amelia kikapuni, mpaka utingo wa lori akaniuliza nimebeba mtoto wa nani. Tangu tumzike mama alikuwa akilala peke yake mlangoni kwetu. Nimwache? Siwezi!

Mume wangu, Rweyemamu, hakufurahi. Nyumba ina Mzee, paka wa mama mkwe, na mbwa Askari. Kasema nijaribu hadi Jumapili. Wakiwa bado wanapigana, rafiki yake Kagaruki, mvuvi, atakuja baada ya ibada, amchukue kambini kwake Goziba akakamate panya. Goziba! Kisiwani, hakuna hata wa kumwita jina. Hapana. Atakaa hapa.

Jumanne, 9 Machi
Askari kamaliza mambo yake upesi — kofi moja la pua kutoka kwa Kiraka, kakimbilia mgombani. Kazi ni Mzee. Kavimba, wakaviringishana chini ya meza, kikombe cha mama mkwe kikavunjika. Kaninunia. Kiraka nimemfungia stoo.

Jumatano, 10 Machi
Nimepata akili. Majani tunayotandika sakafuni! Aliyolalia Mzee nimempelekea Kiraka, ya Kiraka nimemwekea Mzee. Wajuane harufu kwanza. Mama mkwe anasema kwao paka hawabembelezwi. Sawa. Kwetu wanabembelezwa.

Ijumaa, 12 Machi
Wamekula pamoja! Mlango wa stoo wazi, Mzee huku, Kiraka kule, kila mmoja na dagaa wake. Mzee kanguruma kidogo kulinda heshima, akaendelea kutafuna. Nimecheka peke yangu.

Jumamosi, 13 Machi
Mjinga mimi! Nimeamka na kazi za Jumamosi bila kufikiri. Nimekata majani mabichi, nikazoa yote ya zamani, sebuleni mpaka stoo, nikayatupa mgombani. Nyumba ikanukia vizuri kwa ajili ya wageni wa kesho. Nikafungua stoo — vita! Harufu zao zote nimezitupa kwa mikono yangu.

Sikio la Mzee limechanika. Rweyemamu kasema basi, kesho aende. Nimelia jikoni. Katika vitu vya mama, chenye uhai kimebaki hiki tu.

Jumapili, 14 Machi
Sikwenda kanisani. Nimeyaokota majani ya zamani mgombani, nikayatandaza sebuleni juu ya mabichi. Makavu, yamevunjikavunjika. Siku ya wageni! Waseme watakavyo.

Kagaruki kaingia na kikapu chake, kaangalia sakafu, akauliza kama mwenye nyumba alikuwa mgonjwa. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe kayatazama majani, kanitazama mimi.

"Mimi ndiye niliyemwambia atandike hivyo," akasema.

Mama mkwe!

Naandika hapa stoo, mlango nusu wazi. Mzee kajilaza chini ya kiti. Kiraka katoka polepole, ananusa majani, anasogea. Mzee kafumbua jicho moja. Hajavimba. Bado.

Rweyemamu anaita, "Kokuhirwa! Mlete huyo paka, mwenzetu anawahi mtumbwi."

Mama mkwe kamjibu kwamba mgeni haondoki kwake bila chai, na chai haijachemka.

Birika liko hapa miguuni pangu. Limechemka zamani. Silipeleki.